Usimuuzie manda tu, muuzie meza ya wageni

Leo naongea zaidi na wale tunaouza vyakula vya dukani kupitia simu: manda, chapati za kugandisha, tui la pakiti, viungo, kastadi, kuku wa friza na mazagazaga mengine ya aina hiyo. Kama wewe unauza viatu au vitenge, soma pia. Wageni wanakuja hata kwako, na angalau utajua cha kupika.

Fungua WhatsApp yako uangalie meseji za wateja za kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi. Utakuta zinafanana. "Dada, manda bado zipo?" "Kaka, tui la pakiti shilingi ngapi?" "Chapati zako zinakaa siku ngapi?" Wengi wetu tunajibu swali kama lilivyoulizwa. Zipo. Elfu mbili. Weka kwenye friza. Mteja anasema asante, analipia pakiti moja, tunamtafutia bodaboda, hela ya bodaboda inazidi hela ya mzigo, na faida yako hapo ni shilingi 500. Halafu tunakaa tunalalamika kwamba biashara ya chakula haina hela.

Sasa jiulize kwa nini mtu anaulizia manda Alhamisi jioni. Hakuna anayekunja sambusa 20 ili ale peke yake chumbani. Kuna watu wanakuja. Inaweza kuwa wakwe, mawifi, wanakikoba ambao zamu ya mwezi huu imeangukia kwake, au shemeji katoka mkoani na kasema "nitapitia kuwasalimia", na wote tunajua kusalimia huko maana yake ni sahani. Huyo anayekuuliza anatoka kazini saa kumi na moja, foleni inamfikisha nyumbani saa mbili usiku, ana jiko la gesi la plati mbili, na Jumapili saa saba mchana anatakiwa awe na meza imejaa, na yeye mwenyewe awe amevaa vizuri na anacheka. Hajajua bado anahitaji nini. Ameulizia manda kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kilichomjia kichwani.

Kwa hiyo jibu lako liwe hili: "Zipo mpendwa. Wageni wangapi, na wanafika saa ngapi?"

Nina mteja mmoja nesi, anafanya zamu za usiku. Aliwahi kuniulizia chapati 10. Nilipomuuliza wageni wangapi, akafunguka: "Wageni wanne na sisi wawili. Mama mkwe anakuja mara ya kwanza tangu tuhamie hapa. Na mimi natoka zamu Jumapili hiyo hiyo asubuhi, sijui nitafanyaje." Chapati 10 zingemsaidia nini mtu wa namna hiyo? Angebaki na chapati mkononi na kuku hajachinjwa. Tukapanga naye chakula chote kwa meseji, nikamfungashia Jumamosi mchana, nikamrekodia sauti fupi fupi za namna ya kupika. Jumatatu akanitumia picha ya sufuria tupu. Wiki ile ile wenzake wawili wa wodini wakaniandikia wanataka "kile cha mama mkwe". Hilo jina limebaki hadi leo, hata wanaume wananiagiza "cha mama mkwe" bila aibu.

Sasa twende kwenye chenyewe, maana hili jambo halifanyi kazi kama unauza vitu usivyojua kuvipika. Mteja atakuuliza saa sita mchana mafuta yakiwa jikoni, "mbona sambusa zinapasuka?" Ukikosa jibu, umempoteza. Kila unachouza, kipike kwanza kwako mara mbili tatu, kwa jiko kama la mteja wako na sufuria kama za mteja wako.

Kipi kinunuliwe tayari, kipi hapana

Siamini kwamba kila kitu cha pakiti ni kizuri, na mteja wako akikuamini kwenye hili atakuamini kwenye mengine. Manda za dukani ni nzuri, tena kwa mtu mwenye haraka hazina mpinzani. Kusukuma manda, kuzichoma juu ya chuma na kuzikata nyumbani ni kazi ya nusu siku. Tui la pakiti ni zuri ukijua tabia yake. Tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa vya kwenye chupa vinaokoa muda, ila soma kibandiko, nyingine zina chumvi nyingi na mpishi akitia chumvi yake tena basi chakula kimeharibika. Nyanya ya pakiti ni nzuri kwa rangi na uzito wa mchuzi, lakini ina ukali, lazima ikaangwe vya kutosha.

Masala ya pilau ya pakiti nina wasiwasi nayo. Iliyokaa dukani mwaka mzima inabaki rangi tu, harufu imeshaondoka. Hapo mimi namuuzia mteja viungo vizima, mdalasini, hiliki, karafuu, bizari nyembamba na pilipili manga, vipimo vya sufuria moja kwenye kimfuko kimoja, anatwanga mwenyewe dakika mbili. Kinamgharimu karibu sawa na ya pakiti na jirani ananusa.

Kachumbari usimuuzie mtu iliyokatwa tayari. Nyanya na vitunguu vikishakatwa na kutiwa chumvi vinatoa maji, na baada ya saa chache ni supu. Muuzie vikiwa vizima, na umwambie akate mwisho kabisa, wageni wakiwa wameshaketi, chumvi na ndimu vitiwe bakuli likiwa linakwenda mezani.

Meza ya watu sita kwa plati mbili

Hiki ndicho ninachouza mimi. Unaweza kubadilisha, lakini angalia mantiki yake: kazi nyingi zimemalizwa Jumamosi usiku, na Jumapili hakuna wakati ambao vitu vitatu vinataka moto kwa pamoja.

Kuna sambusa za nyama za kuanzia. Kuna kuku wa nazi na chapati, na wali kidogo kwa anayetaka. Kachumbari. Halafu kastadi na biskuti za mwisho, na juisi ya ukwaju.

Sambusa. Nusu kilo ya nyama ya kusaga inajaza sambusa kati ya 20 na 25, kutegemea mkono wako. Nyama inawekwa kwenye sufuria bila maji, na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga na ndimu, inakorogwa mpaka maji yake yote yakauke. Yakauke kweli. Zima moto ndipo utie vitunguu vilivyokatwa vidogo sana na majani ya giligilani. Vitunguu vikipikwa pamoja na nyama vinatoa maji, na maji ndiyo adui wa sambusa. Acha ipoe kabisa kabla ya kujaza, maana nyama ya moto inalainisha manda na inapasuka kwenye mafuta. Manda zitoke friza nusu saa kabla, zikiwa ndani ya pakiti yake, na ukishaanza kuzibandua funika zilizobaki na kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Zikipigwa na upepo dakika kumi zinakatika kama karatasi. Gundi ni unga wa ngano na maji, nzito kama uji wa mtoto, na kona zote tatu zizibwe.

Sambusa zilizokwishajazwa na kugandishwa usiziyeyushe. Zinatoka friza zinaingia kwenye mafuta moja kwa moja. Ukiziacha mezani ziyeyuke, manda inalowana na inashikana na mwenzake. Mafuta yawe ya moto wa kati. Mteja wako hana kipimajoto, kwa hiyo mwambie atupie kipande cha manda: kikipanda juu na kutoa mapovu taratibu, sawa; kikiwa cheusi hapo hapo, apunguze moto, la sivyo nje itaungua na ndani barafu. Na zisiingie zaidi ya tano sita kwa mara moja, kwa sababu ubaridi wake unapoza mafuta na zinanyonya.

Kuku. Mimi nanunua kuku mbichi aliyechinjwa siku hiyo, nakata vipande, napaka tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi na bizari, natia kwenye mfuko na kuulaza bapa kabla ya kugandisha. Kwa nini bapa? Mfuko bapa unaganda haraka na unayeyuka haraka, tofauti na kuku mzima aliyekaa kama jiwe. Angalizo hapa: kuku aliyegandishwa akayeyuka, usimkate ukamgandisha tena. Ukitaka kuuza kuku wa viungo, anza na mbichi. Mteja anauhamishia mfuko kwenye friji ya chini Jumamosi jioni. Kama hana friji, wewe mpelekee Jumapili asubuhi, na auweke mfuko ukiwa umefungwa kwenye beseni la maji ya baridi, abadilishe maji kila nusu saa. Asiuache juu ya meza usiku kucha hata kama nyumba ina feni.

Mchuzi wenyewe ni rahisi. Vitunguu viwili vikaangwe mpaka viwe vya kahawia, inaingia nyanya ya pakiti ndogo, anakoroga mpaka aone mafuta yanajitenga na kupanda juu. Hapo ule ukali umeisha. Anatia kuku na kikombe kimoja cha maji, anafunika nusu saa, moto mdogo. Kuku akishaiva ndipo linaingia tui. Pakiti mbili za mililita 200 zinatosha, azitikise kwanza maana zito hukaa juu na maji chini. Baada ya hapo asifunike na asiache mchuzi uchemke kwa nguvu, akoroge taratibu dakika kumi. Tui likichemka kwa fujo linakatika, linakuwa vipande vipande, na mama mkwe anajua kusoma mchuzi kuliko unavyodhani.

Chapati zina maelezo yake. Kuna zilizoiva kabisa zikagandishwa, na kuna mbichi zilizosukumwa tu, zina karatasi ya nailoni katikati ya moja na nyingine. Mteja ajue umempa ipi. Hizo mbichi anabandua nailoni chapati ikiwa bado imeganda, maana ikishalainika inang'ang'ania na kuchanika, na zinapikwa kwa mafuta kama kawaida. Zilizoiva zinapashwa kwenye kikaango, dakika moja kila upande, tone la mafuta, kisha zinafungwa kwenye kitambaa safi ndani ya hotpoti. Mvuke wake wenyewe unazilainisha. Ukizipasha na kuziacha wazi zinakauka pembeni na hapo ndipo mtu anasema "hizi za dukani hizi".

Kastadi ndiyo kitu ninachokipenda kuuza kuliko vyote, kwa sababu ni cha bei ndogo na kinaonekana cha gharama. Kopo la unga wa kastadi lina historia ambayo mfanyabiashara anapaswa kuijua. Alfred Bird, mkemia mwenye duka huko Birmingham, Uingereza, aliutengeneza mwaka 1837 kwa sababu mke wake alikuwa anadhurika na mayai, na kastadi ya kawaida ni ya mayai. Akatumia wanga wa mahindi badala yake. Yaani mtu alitatua tatizo la mezani kwake, ikawa biashara yenye jina lake hadi leo.

Kwa watu sita: lita moja ya maziwa, vijiko vinne vya kulia vya unga wa kastadi, sukari vijiko vinne au vitano. Unga ukorogwe kwanza na maziwa kidogo ya baridi, usitupwe kwenye maziwa ya moto, utakuwa madonge. Maziwa mengine yakianza kuchemka unamimina huku unakoroga, dakika mbili tatu inakuwa nzito. Pakiti mbili za biskuti, zichovywe haraka kwenye kahawa au chai, zipangwe kwenye bakuli la kioo: biskuti, kastadi, biskuti, kastadi. Ipoe, ifunikwe, ilale kwenye friji. Asubuhi biskuti zimelainika kama keki. Asiye na friji usimuuzie hii. Muuzie tikiti maji na maembe, akate muda huo huo. Ni bora ukose elfu tatu kuliko watu wakaendeshwe na maziwa yaliyolala nje.

Ratiba ninayomtumia inakwenda hivi. Jumamosi usiku: kastadi, kuloweka ukwaju, kujaza sambusa kama hajachukua zilizojazwa. Jumapili saa nne na nusu kuku anaingia plati ya kwanza, wali plati ya pili. Saa sita kasoro vyote vimeshatoka, vimefunikwa. Anakwenda kuoga. Nasisitiza hapo kwenye kuoga, wateja wanacheka lakini ndicho wanachonishukuru. Saa sita na nusu chapati zinapashwa, upande wa pili mafuta ya sambusa. Wageni wakigonga hodi saa saba, sambusa ni za moto na nyumba inanukia.

Hela iko wapi

Tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano, wewe weka za soko lako. Manda 2,500. Nyama ya kusaga nusu kilo 6,000. Kuku 9,000. Tui pakiti mbili 4,000. Nyanya ya pakiti 500. Chapati 12 ni 6,000. Kastadi, biskuti na maziwa 6,000. Ukwaju 2,000. Vya kachumbari 3,000. Viungo 1,000. Mifuko na vibandiko 1,500. Umeme na gesi yako weka 1,500, usijidanganye kwamba friza inakula hewa. Jumla 43,000. Ukiuza 55,000, bodaboda akilipa mteja, umebaki na 12,000 kwa mteja mmoja na safari moja. Ile faida ya 500 kwenye manda ingekutaka uuze pakiti 24 kufika hapo, na ujibu meseji za watu 24.

Kuna atakayesema 55,000 ni nyingi. Usibishane naye, na usishushe hapo hapo. Muulize aondoe nini. Atoe kastadi, atoe sambusa, achukue kuku na chapati tu. Hivyo bei inashuka na faida yako inabaki palepale kwa kila kitu. Ukishusha bei bila kupunguza kitu umemfundisha kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kumpiga.

Oda zangu zinafungwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na vitu vya nyama vinalipiwa nusu kabla. Mteja mzuri haoni vibaya. Ukinunua kuku watano kwa maneno matupu, wawili watabaki mikononi mwako, na hao wawili wanakula faida ya wote.

Halafu swali la "ni za nyumbani?" Hili wengi wanateleza. Ukipakua chapati za kiwandani kutoka kwenye pakiti yake, ukazifunga kwenye mfuko wako mweupe ukaandika "za nyumbani", umeuza uongo. Tena umemnyima mteja tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya vilivyomo, na kuna watu karanga au maziwa vinaweza kuwapeleka hospitali. Acha vya kiwandani viwe kwenye pakiti zake. Ulichotengeneza wewe, kama kuku wa viungo au sambusa, andika kwenye kibandiko siku uliyotengeneza, vilivyomo, na namna ya kuhifadhi. Nyama useme umeitoa wapi na kama ni halali, usisubiri kuulizwa, maana mwenyeji anaweza asijali lakini mgeni wake akajali. Mteja wako akimwambia mama mkwe kwamba chapati kasukuma mwenyewe, hiyo ni siri ya ndoa yake, haikuhusu. Wewe kwake umesema ukweli.

Na kama umefika mahali unataka kufungasha viungo au sambusa kwa jina lako na kupeleka madukani, huko ni ngazi nyingine. Tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yaliyokuwa TFDA yako TBS. Anzia SIDO ya mkoa wako, wana mafunzo ya usindikaji wa vyakula na wajasiriamali wadogo wengi wanapitia hapo kwenda TBS. Usisubiri mpaka mtu aje kukukagua.

Friza, umeme na bodaboda

Hapa sina utani kabisa, kwa sababu mteja mmoja akiumwa tumbo na wageni wake watano, hakuna ofa itakayowarudisha. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usifungue mlango. Friza iliyojaa inashikilia baridi karibu saa 48 ikiwa haijafunguliwa, iliyojaa nusu ni karibu saa 24. Ndiyo maana friza yangu ikipungua mzigo najazia chupa za maji, zikiganda zinakuwa betri ya baridi, na ni hizo hizo ninazozitumia kwenye kusafirisha. Ukikuta nyama au kuku ameyeyuka na amekuwa wa joto, na hujui amekaa hivyo muda gani, usimnuse ili uamue. Vijidudu vingi vinavyoumiza watu havitoi harufu. Tupa, andika hasara, endelea.

Bodaboda wengi wanaweka mzigo kwenye mfuko wa kawaida, jua la saa saba, foleni, na wewe hujui kama atapitia kwingine. Nunua deli, kama lile la wauza aiskrimu, hata dogo. Chupa mbili za barafu chini, kuku na sambusa katikati, gazeti juu. Mpigie mteja kabla pikipiki haijaondoka umuulize kama yupo nyumbani. Chakula kibichi kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali kama letu la Dar hata saa moja ni nyingi. Nyanya na vitunguu vikae mfuko wao, mbali na kuku mbichi, kwa sababu kachumbari haipikwi, damu ya kuku ikidondokea hapo imekwisha.

Upande wa picha sitakaa sana. Piga picha chakula ulichopika wewe, kwenye sahani za kawaida, karibu na dirisha mchana. Picha za kudokoa mtandaoni wateja wanazijua, na zinakuwekea deni: utaleta kitu kisichofanana na picha. Picha inayoniuzia kuliko zote ni ya vitu vyote vya kifurushi vimepangwa kwenye meko, kabla ya kupikwa, mtu anahesabu mwenyewe anapata nini.

Maelekezo ya kupika tuma kwa sauti, si kwa maandishi marefu. Mpishi ana unga mikononi, hawezi kushika simu kusoma. Rekodi sauti tano za nusu dakika, moja ya sambusa, moja ya kuku, moja ya chapati, moja ya kastadi, moja ya ratiba. Unarekodi mara moja, unawatumia wote. Ongea kama unavyoongea na dada yako, taja kabisa "hapa tui likichemka kwa nguvu limeharibika".

Na Alhamisi saa moja jioni, watu wakiwa kwenye daladala na simu mkononi, weka hii kwenye status, ubadilishe bei na eneo lako:

"Una wageni wikiendi hii? Niambie wako wangapi na wanafika saa ngapi, nikupangie chakula chote. Kuku wa viungo, chapati, sambusa, vya kachumbari, kastadi na maelekezo ya kupika. Watu sita 55,000, unaweza kupunguza usivyotaka. Napokea oda mpaka Ijumaa saa 12 jioni, mzigo unakufikia Jumamosi mchana ukiwa wa baridi. Kama huna friji niambie, tutapanga tofauti."

Wakianza kujibu, jibu lako la kwanza unalijua: wangapi, saa ngapi. La pili liwe kama kuna asiyekula kitu fulani.